Kifafa cha mimba: Je, tumaini limo ndani ya kitovu?

MSOMAJI, hebu leo tusafiri pamoja. Tumeiacha Kisii nyuma, tukateremka na barabara kuu hadi Rongo, pale njia inapogawanyika. Ukifuata moja kwa moja utapita Awendo na malori yake ya miwa, ufike mjini Migori na hatimaye Isebania kwenye mpaka wa Tanzania. Ukikata kulia utapitia Rodi Kopany na kuteremka hadi Homa Bay, ambako upepo wa ziwa hukulaki pamoja na harufu ya omena walioanikwa juani.

Ni nchi ya kupendeza macho. La kusikitisha ni kuwa takwimu zilizotokana na sensa ya 2009 ziliziweka kaunti hizi mbili miongoni mwa zile 15 ambamo akina mama walikuwa wakifariki kwa wingi zaidi kutokana na uzazi. Migori ilikuwa na vifo 673 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na Homa Bay 583. Sensa ya 2019 ilipofanywa, wastani wa nchi nzima ulikuwa 355.

Muuaji wa kwanza ni kuvuja damu, na huyo kila mtu humwona. Yuko mwingine anayemfuata nyuma kwa karibu, naye huingia nyumbani bila kubisha hodi. Jina lake ni kifafa cha mimba.

Mimi mwenyewe namfahamu. Binti wa mama yangu mdogo, aliyeolewa upande wa Ndhiwa, alikuwa na mimba yake ya kwanza ya miezi saba alipoanza kulalamika kuumwa na kichwa. Sasa kule, msomaji, kichwa kikiuma hakuna anayejiuliza mara mbili. Ni malaria. Wala huwezi kuwalaumu, kwani uchunguzi wa kitaifa wa 2020 ulionyesha kuwa eneo la ziwa lilikuwa na maambukizi ya asilimia 19 miongoni mwa watoto, ilhali nchi nzima ilikuwa na asilimia 6. Mama mkwe wake, ambaye alimpenda kama bintiye wa kuzaa, alimnunulia vidonge dukani na kumwambia ajilaze.

Siku ya pili uso ulivimba. Watu wakasema mtoto ni wa kiume, ndiyo sababu mama ananenepa. Siku ya tatu akaanza kuona vimulimuli mbele ya macho. Alipelekwa kwa bodaboda hadi zahanati moja, ambayo sitaitaja, akakuta mashine ya kupima shinikizo la damu imekwisha betri. Akaambiwa arudi Jumatatu.

Jumapili usiku mwili ulikakamaa, akatetemeka, akauma ulimi hadi damu. Kulikuwa na waliosema amerogwa. Mzee mmoja akataja chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa bomani. Aliyeokoa maisha yake ni bibi mmoja aliyekuwa nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi, miaka iliyopita. Huyo aliwafukuza wote chumbani, akaamuru gari litafutwe. Alfajiri dada yangu alikuwa katika hospitali kubwa, amedungwa sindano, na kabla ya saa tatu asubuhi mtoto alikuwa ametolewa kwa upasuaji. Mama alipona. Mtoto aliishi siku mbili.

Mwaka huu akanipigia simu. Alitaka kubeba mimba tena, na alikuwa amesikia mahali kwamba wazungu wamepata dawa ya ugonjwa ule, dawa inayotengenezwa kwa kitovu cha mtoto mchanga. Je, ni kweli? Nayo inauzwa wapi? Nilimwahidi kuwa nitauliza na kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

KONDO LENYE NJAA

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Kabla ya kifafa huja hali ambayo madaktari huiita priklampsia. Hutokea baada ya wiki ya 20 ya ujauzito: shinikizo la damu hupanda hadi 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana kwenye mkojo. Likifika 160 kwa 110, hiyo ni hatari kubwa. Dalili ambazo mama anaweza kuzitambua mwenyewe ni maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, na kuvimba uso na mikono kwa ghafla. Mtetemeko ukianza, hapo ndipo tunapoita kifafa cha mimba. Jina lake la kitaalamu limetokana na neno la Kigiriki la mmweko, kama ule wa radi. Tena usidhani kuwa mtoto akishazaliwa mambo yamekwisha. Ugonjwa huu waweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kujifungua.

Duniani kote huwapata akina mama kati ya wawili na wanane katika kila wajawazito 100. Haujali utajiri wala nguvu za mwili. Wapenzi wa riadha wanamkumbuka Allyson Felix wa Marekani, ambaye mwaka 2018 alijifungua kwa upasuaji wa dharura akiwa na mimba ya wiki 32 kwa sababu ya priklampsia. Mwenzake Tori Bowie, waliyeshinda naye dhahabu ya kupokezana vijiti kule Rio mwaka 2016 na aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2017, alikutwa amefariki nyumbani kwake mwaka 2023 akiwa na mimba ya miezi minane. Waliochunguza maiti walitaja kifafa cha mimba miongoni mwa mambo yanayoweza kuwa yalimuua. Ikiwa wanawake wenye mbio kiasi hicho walipatwa katika nchi yenye hospitali kila pembe, sembuse msichana wa Mfangano ambaye hana budi kungoja mashua?

Nimetaja msichana makusudi. Ugonjwa huu hupenda mimba ya kwanza. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Homa Bay na Migori, wasichana 23 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshika mimba, ilhali nchini kote walikuwa 15. Wengine walio hatarini ni wenye mapacha tumboni, waliozidi miaka 35, wenye kisukari, maradhi ya figo au presha ya tangu zamani, na zaidi ya wote yule aliyewahi kuupata, kama dada yangu.

Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma. Mimba inapoanza kushika, chembe za kondo hujipenyeza katika ukuta wa tumbo la uzazi na kuipanua mishipa midogo ya damu ya mama, kana kwamba vijia vya miguu vinageuzwa kuwa barabara ya lami ili malori ya chakula yapite. Katika priklampsia kazi hii haikamiliki. Vijia hubaki vijia. Kondo hupata njaa, nalo kwa njaa yake humwaga sumu katika damu ya mama. Mwaka 2003 kundi la daktari Ananth Karumanchi kule Boston, Marekani, lilitambua mojawapo ya sumu hizo, protini iitwayo sFlt-1. Kazi yake ni kama ya mwizi wa mafuta ya taa: hunyakua protini nyingine ambazo huifanya mishipa ya damu iwe laini na yenye afya. Zikikosekana, mishipa ya mwili mzima hukaza, figo huvuja protini, ini huumia, na ubongo hatimaye huwaka ule mmweko.

Ndiyo maana hadi leo ponyo la kweli ni moja tu: kumtoa mtoto na kondo lake. Mimba ikiwa ya wiki 38, hakuna shida kubwa. Je, ikiwa ya wiki 27? Daktari akingoja, mama aweza kufa. Asipongoja, mtoto anazaliwa na uzito wa pakiti ya unga wa kilo moja, na vitanda vya kuwapasha joto watoto wa aina hiyo si vingi mashambani.

VIFURUSHI VYA SELI

Hapa ndipo kitovu kinapoingia. Ndani yake mna ute mzito wenye seli shina, yaani seli changa ambazo zina uwezo wa kutuliza uvimbe na kusaidia mwili kujijenga upya. Zamani wataalamu walidhani kuwa seli hizo hufanya kazi kwa kwenda zenyewe mahali palipoharibika. Baadaye waligundua kuwa sehemu kubwa ya kazi hufanywa na vifurushi vidogo mno zinavyovitoa, viitwavyo eksosomu. Upana wa kimoja ni kati ya nanomita 30 na 150. Ungeweza kupanga mamia kwenye upana wa unywele mmoja.

Vifurushi hivi si vipya machoni mwa wanasayansi. Mwaka 1983 makundi mawili, moja la Montreal, Kanada, na jingine la St. Louis, Marekani, yaliviona yakichunguza chembe changa nyekundu za damu. Kwa miaka mingi vilifikiriwa kuwa takataka ambazo seli hutupa nje. Leo yajulikana kuwa ni barua. Ni kama vile wewe mkazi wa Nairobi unavyotuma mzigo nyumbani kwa basi la usiku, nao ndani yake una sukari, sabuni na karatasi yenye maagizo ya mahali pa kupanda mahindi. Eksosomu hubeba protini na maagizo ya kijeni, na seli inayoupokea mzigo huubadilisha mwenendo wake.

Mwaka 2021 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walichukua panya wenye mimba waliokuwa na hali inayofanana na priklampsia, wakawadunga eksosomu zilizotoka kwenye seli shina za kitovu cha binadamu. Mishipa ya tumbo la uzazi ilipanuka vyema zaidi, vitoto vikakua, na ile hali ya ugonjwa ikazuiwa, kwa kuwa kinga ya mwili tumboni mle ilitulizwa. Maabara za Uchina nazo zimeripoti kuwa panya waliotiwa presha kwa dawa walipata nafuu walipopewa eksosomu za aina hii.

Uzuri wake mwingine ni kuwa eksosomu si seli hai. Haiwezi kuzaana mwilini na kugeuka uvimbe, jambo ambalo huwatia hofu wengi wanapodungwa seli shina zenyewe. Tena huweza kugandishwa na kuhifadhiwa.

Niliposoma hayo, nakiri, nilitaka kumpigia dada yangu simu papo hapo. Nikaendelea kusoma, nikairudisha simu mkobani.

Panya kwa kawaida haugui priklampsia. Lazima aharibiwe jeni au apewe dawa ndipo afanane na mgonjwa. Mwanamke si panya mkubwa. Isitoshe, kondo lenyewe pia hutoa eksosomu, na zile za mama mgonjwa zimeonekana kubeba ile sumu ya sFlt-1. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walionyesha kuwa zinaidhuru mishipa ya damu. Kwa hiyo kifurushi hicho hicho chaweza kuwa cha kheri au cha shari, kutegemea aliyekituma. Anayetaka kukifanya dawa sharti kwanza aweze kuvitenganisha, kuvisafisha, kuvihesabu na kujua kipimo. Mpaka ninapoandika makala haya, hakuna dawa ya eksosomu iliyoidhinishwa kwa ajili ya ugonjwa huu, si Kenya, si Marekani.

Wala tusiwalaumu wanasayansi kwa kwenda polepole. Mwaka 2018 madaktari wa Uholanzi walikuwa wakiwapa wajawazito dawa ya sildenafil, wakitarajia kuwa ingeifungua mishipa ya kondo ili vitoto dhaifu vikue. Jaribio lilisimamishwa baada ya watoto 11 kufa kwa matatizo ya mapafu. Nia ilikuwa njema kabisa. Unapomtibu mjamzito unawatibu wawili, na mmoja wao hawezi kukueleza anavyojisikia.

Kuna na upande wa matapeli. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kudhurika vibaya kwa bidhaa zilizouzwa kuwa ni eksosomu. Leo neno hilo limo hata kwenye matangazo ya vipodozi. Msomaji, ukisikia mtu mjini anauza chupa ya eksosomu kwa mjamzito, shika mkoba wako na utoke.

Huwa najiuliza pia wazee watasemaje. Miongoni mwa Waluo kondo la nyuma, biero kwa lugha yao, huzikwa nyumbani, na kumuuliza mtu biero yake imezikwa wapi ni kumuuliza kwao ni wapi. Waswahili nao hutaja mahali kilipozikwa kitovu chako. Siku wauguzi watakapoanza kuomba vitovu kwa ajili ya maabara, itabidi mtu aende akae chini ya mwembe azungumze na watu kwa heshima. Sioni kama watakataa. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya malaria tarehe 13 Septemba 2019, uzinduzi ulifanywa Homa Bay, na akina mama waliwaleta watoto wao. Watu wa huko si wageni wa sayansi. Kinachonitia shaka zaidi ni friji. Eksosomu huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sufuri, nami nimekwambia kuhusu ile mashine ya betri.

YALIYOMO KABATINI TAYARI

Hivyo nilimpigia dada yangu na habari ya namna mbili. Ya eksosomu ilikuwa kwamba angoje, pengine miaka mingi. Ile ya pili ilimshangaza, maana hakuna aliyekuwa amemwambia.

Ile sindano iliyomwokoa inaitwa magnesiamu salfeti, na haina uhusiano na maabara za kifahari. Ni aina ya chumvi, nayo ni rahisi kwa bei. Mwaka 1995 uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, kwa wanawake 1,687 wenye kifafa cha mimba ulithibitisha kuwa inashinda dawa nyingine zilizotumika. Mwaka 2002 uchunguzi mwingine wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ukaonyesha kuwa ikitolewa mapema kwa mwenye priklampsia hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa kifafa chenyewe. Hata zahanati isiyoweza kumtibu mama hadi mwisho inashauriwa na Shirika la Afya Duniani impe kipimo cha kwanza kabla ya kumsafirisha. Muuguzi hana budi kuangalia pumzi, mkojo na mshtuko wa goti, kwa kuwa ikizidi nayo ni sumu.

Kisha kuna aspirini, ile ndogo. Mwaka 2017 uchunguzi wa wanawake 1,776 waliokuwa katika hatari kubwa ulionyesha kuwa miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14, ilipunguza kwa asilimia 62 priklampsia ile inayolazimisha mtoto atolewe kabla ya wiki ya 37. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 75, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Angalia neno kabla. Mama anayekwenda kliniki mara ya kwanza akiwa na miezi sita amekwisha pitwa. Tena si ya kujinunulia dukani. Daktari ndiye anayejua nani anafaa na nani hafai.

Kuna na kalisi, ambayo wengi huijua kama kalsiamu, kwa wanawake ambao chakula chao hakina madini hayo ya kutosha. Zamani walishauriwa vidonge vya gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku, mzigo mkubwa kuumeza na kuununua. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 11,000 wa Dar es Salaam, na wengine 11,000 wa India: miligramu 500 ilifanya kazi sawa na 1,500 katika kuzuia priklampsia. Jirani zetu wa Dar wameurahisishia ulimwengu mzima kazi. Na ukila omena na mifupa yake unapata kalisi pia, ingawa sahani ya omena haichukui nafasi ya kidonge ulichoandikiwa.

Afrika Kusini nako hawakulala. Madaktari huko walichapisha mwaka 2021 jaribio la wanawake 180 ambao priklampsia iliwapata mapema mno. Waliopewa metformini, dawa ya kawaida ya kisukari, waliweza kukaa na mimba muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Jaribio ni dogo, nao wanaendelea kulichunguza jambo hilo. Ikithibitika, hiyo ni dawa ambayo tayari iko kwenye makabati ya hospitali zetu, na haihitaji friji ya ajabu.

Karibu na Rongo, katika kijiji cha Lwala, ndugu wawili madaktari, Milton na Fred Ochieng', walisaidia kufungua kliniki mwaka 2007 baada ya kuwapoteza wazazi wao. Shirika lililokua kutokana nayo liliwachukua wakunga wa jadi, badala ya kuwafukuza, likawafundisha kuwatembelea wajawazito na kuwapeleka kliniki. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule bibi aliyewafukuza watu chumbani kule Ndhiwa. Hakuwa na mashine, lakini alijua kuwa ile si malaria wala si chira.

Dada yangu sasa ana mimba ya wiki 16. Alianza kliniki akiwa na wiki ya 10, akaeleza yaliyompata mara ya kwanza, naye daktari akamwandikia aspirini na kalisi. Mumewe ameuza mbuzi mmoja wakanunua mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkononi, pamoja na betri za akiba ambazo mama mkwe amezifungia sandukuni asije mjukuu akazitia kwenye tochi. Kila Jumapili baada ya kanisa hupima, na kuandika nambari nyuma ya kijitabu cha kliniki, kisha hunitumia kwa simu. Ya juzi ilikuwa 118 kwa 76.